Jinsi ya kusuka mswala wako mwenyewe wa ukindu kabla ya Ramadhani

Assalaam alaykum wapendwa. Niingie moja kwa moja: Rajab ikiandama tu, tafuta ukindu, yaani makuti machanga ya mkindu. Ukianza Rajab unakuwa na miezi miwili, siku 59 hivi, na kwa mtu anaejifunza hizo zinatosha kusuka mswala mmoja bila papara, ukasali tarawehe ya kwanza juu ya kitu kilichotoka mikononi mwako. Ukianza Shaaban katikati utakimbizana nao, na mswala wa kukimbizana unajulikana tu, mistari inakwenda upande.

Kwanini nimelishikilia jambo hili. Nyumbani kwetu miswala ya nailoni imejaa kabati, kila anaerudi umra analeta mitano, ikichanika inatupwa, na nimeshawahi kuukuta mmoja pwani umefukiwa nusu kwenye mchanga pamoja na machupa, picha ya Alkaaba bado inang'aa. Ilinichoma sana ile. Na kwenye nyumba hiyohiyo kuna mswala wa bibi yangu mzaa mama, wa ukindu, umri wake mkubwa kuliko wangu. Ukiutandika karibu na dirisha unaona sehemu mbili zimebonyea, pale magoti yake yalipokuwa yanatua, na kwa mbele kuna pahala padogo kama kisahani cha chai, chane (vile vipande vyembamba vya jani vinavyosukwa) zimelainika zimekuwa rangi ya asali. Ndipo alipokuwa anaweka paji la uso. Alipofariki nilikaa siku nyingi naiangalia ile alama. Sala zangu wakati ule zilikuwa zimekauka, nasimama nainama natoa salamu, ukiniuliza nimesoma sura gani sikwambii. Ndio nikamfata shangazi yangu nikamwambia shangazi nifundishe kusuka, akaniangalia akasema utaweza kukaa kitako wewe? Nikamwambia ntajaribu.

Yote ntakayoandika hapa nimeyatoa kwake, na mengine nimeyapata kwa kukosea.

Kabla ya kisu

Kuna kisa kimoja wapemba wote wanakijua na mimi nakianza kila nikimfundisha mtu. Magharibi ya Pemba, ukitokea Wesha kwa mashua, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala (ndivyo wazee wanavyouita mswala), wakamwambia hatuna, akasema basi kisiwa chenyewe ndio msala wangu, mana umbo lake limechongoka upande mmoja na kimeelekea kibla. Jina likabaki hilo, Misali.

Sasa kisiwa hicho hicho miaka ya 1990 kilikuwa kinaumia, watu wanavua kwa baruti na kwa nyavu za kukokota, matumbawe yanavunjika, na makatazo ya serikali peke yake hayakuwa yanaingia vichwani. Mwaka 1998 kikawekwa kuwa eneo la hifadhi, alafu 1999 wakaja watu wa IFEES, shirika la mazingira la Kiislamu la Uingereza lililoanzishwa na Fazlun Khalid, wakakaa na masheikh na wavuvi wakasoma Qur'ani kwa jicho la bahari: mizani iliyotajwa katika Suratu Rahman, uwakilishi wa binaadamu juu ya ardhi, ubaya wa israfu. Na lile likawaingia wavuvi wengi kuliko kanuni za karatasi. Mimi sishangai. Mtu ukimwambia hapa ni eneo la hifadhi anasikia serikali, ukimwambia hapa ni mswala wa mja mwema wa Mungu na wewe unaulipua, anaona aibu moyoni.

Na Mtume (s.a.w.) amesema ardhi yote amefanyiwa kuwa msikiti na kitu cha kujitwaharishia, hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim. Ndiomana nasema kazi ya mswala inaanzia kwenye mti na udongo, sio kwenye vidole. Ukisuka mswala mzuri kwa ukindu ulioua mkindu, mimi siuoni kama umependeza.

Kukata ukindu

Mkindu unapenda maji, utaukuta mabondeni, kandokando ya mito, kwenye vinamasi. Unaota kwa mashina mengi pamoja kama familia, una miba mikali chini ya makuti, basi vaa viatu vya kufunika na shati la mikono mirefu, usiende na ndara. Nenda na mtu anaejua, na kama shamba lina mwenyewe omba ruhusa kwa mdomo, usijisemee moyoni tu "hawatonuna".

Unachokata ni lile kuti changa la katikati, ambalo bado limejifunga kama mwamvuli uliokunjwa, rangi yake kijani iliyopauka inakaribia unjano. Makuti yaliyokwisha funguka yamekomaa, yanavunjika ukiyasuka, yaache yaulishe mti. Shika lile kuti, likate kwa kisu kikali juu ya pale linapotokea, usiingize kisu ndani ya kichwa cha shina. Hapa naomba mnisikilize vizuri sana: mnazi, mtende, mkindu, zote tabia moja, kila shina lina kichwa kimoja cha kuotea, ukikijeruhi shina hilo limekwisha, halitoi tawi la pembeni kama mwembe. Nimewahi kuona kichaka cha mkindu bondeni, mashina saba, matano vichwa vimekatwa na wagema wa tembo, makuti yameinama chini rangi ya kutu, na ndege waliokuwa wanakula kindu, matunda yake, pale hawapo. Panauma kupaangalia.

Kanuni ya shangazi ni hii: shina moja kuti moja, alafu hamia shina jengine, na usirudi kwenye shina ulilolikata mpaka uone makuti mawili mapya yamefunguka. Shina fupi lisilofika kifuani usiliguse kabisa. Mswala wangu wa kwanza ulikula makuti 9 kwasababu nilikuwa naharibu, siku hizi natumia pungufu ya hapo.

Alafu kabla hujaondoka, panda. Chini ya kichaka huwa kuna machipukizi, chagua moja lenye mizizi yake, lichimbue na udongo wake, ukalipande sehemu nyengine yenye maji, ulimwagilie mpaka lishike. Hadithi tunaijua toka madrasa, kwamba kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche wa mtende basi kama unaweza kuupanda kabla hakijasimama, upande. Mimi nilikuwa naisoma kama mfano tu, siku nilipopiga magoti kwenye tope na mche mkononi nikaielewa vengine, nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Walio mjini wanunue ukindu sokoni, wauzaji wa mikeka wanajua unapopatikana, muulize umetoka wapi na umekatwaje, ukiuliza kila mara na wao wataanza kuuliza huko wanakonunua. Na wenzetu mlioko Muscat na Ghuba, makuti ya mtende yanafaa vilevile, Waomani wenyewe wanayasuka toka zamani na mitende inapogolewa kila mwaka, kwahiyo hamna haja ya kukata mti wowote, okoteni kinachopogolewa.

Kuanika na kuchana

Fungua kuti lile jani kwa jani, anika juani siku tatu mpaka tano mpaka ligeuke jeupe. Geuza kila siku. Anua kabla ya magharibi, umande ukilala juu yake unapata madoa meusi na hayo hayatoki. Mvua ikinyesha na wewe umelala mchana, ndio basi tena.

Likishakauka, toa ule uti mgumu, alafu chana jani kwa urefu kwa ncha ya sindano nene upate chane za upana mmoja, milimita 6 hivi, nyembamba kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Usawa wa chane ndio uzuri wa mkeka, wallahi sio rangi. Ukichana ovyo hapa hutorekebisha mbele.

Rangi sasa. Usijaze rangi. Mtume (s.a.w.) aliwahi kusali na nguo yenye nakshi, nakshi zikamshughulisha ndani ya sala akairudisha, iko kwa Bukhari. Mimi naweka mistari ya rangi upande wa kichwani tu ili nijue mbele ni wapi, kwengine kote nauacha mweupe. Kwa unjano, chemsha lita 3 za maji na vijiko vinne vya chakula vya manjano na kijiko kimoja cha shabu, tumbukiza chane, ziache zichemke moto mdogo nusu saa, alafu zilale humo usiku kucha. Manjano yanapauka yakiona jua sana, lijue hilo usije kulaumu. Maganda ya vitunguu maji yanatoa rangi ya dhahabu iliyokolea, jirani zako watakukusanyia bure. Magome ya mkoko yanatoa wekundu mzuri mno, wazee wakiyatumia, ila mimi siyatumii isipokuwa nimepata mti uliokufa wenyewe, mana ukiuchuna mkoko gome kuzunguka shina unauua, na chini ya mikoko ndio samaki wanakolea watoto wao. Ukitumia rangi za unga za dukani pia sikukatazi, ila maji yake yaliyobaki usiyamwage mtoni wala karibu na kisima.

Kusuka ukili

Ukili ni ule msuko mrefu mwembamba, vipande vyake vikishonwa pamoja ndio mswala. Chane zilowekwe kidogo alafu zifungwe ndani ya kanga mbichi, zikikauka zinakatika, zikirowa sana zinavimba na ukili ukija kukauka unalegea. Unataka unyevu wa kitu kilichoanuliwa kabla hakijakauka.

Jifunze kwa chane 5 kwanza. Zifunge pamoja kwa juu, zigawe tatu kushoto mbili kulia. Chukua ile ya nje kabisa kushoto, ipitishe juu ya inayofata, chini ya nyengine, iingie upande wa kulia. Sasa kulia ziko tatu, fanya hivohivo, ya nje kabisa kulia juu ya moja chini ya moja inarudi kushoto. Ndio hivo tu mpaka mwisho, na kila chane inapogeuka ukingoni ikunje vizuri kwa kidole gumba, ule mkunjo ndio utakaoshonea. Suka urefu wa mkono mzima hivi, utupe, usuke tena. Vidole vikishazoea, hamia chane 7: nne upande mmoja tatu upande mwengine, ya nje inapita juu, chini, juu, inavuka. Ukili wa chane 7 za upana niliosema unatoka kama sentimita 3, upana wa vidole viwili, na huo ndio wa mswala wetu.

Chane ikikaribia kuisha usiisubiri iishe, laza mpya juu yake, zisuke pamoja mizunguko miwili mitatu, ncha ziachie upande wa chini utazikata mwisho. Na usiongeze chane mbili sehemu moja, panakuwa na donge.

Hesabu: mswala wa sentimita 120 kwa 72 unataka vipande 24 vya ukili, kila kimoja sentimita 130 ili upate pa kukunjia, hiyo ni mita 31 na ushei, ongeza mita 4 za kuzungushia ukingo, jumla mita 35, kwa lugha ya mabibi zetu kama pima 20 (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Ukisuka nusu pima kila siku unamaliza kwa siku 40 na unabakiwa na siku 19 za kuanika, kuchana na kushona.

Nusu pima ni saa moja hivi kwa mwanafunzi. Mimi nilichagua baada ya alfajiri, nakaa palepale niliposali, simu iko chumba kingine imezimwa. Kila chane inapovuka nasema Subhanallah, nikifika mara 33 nahamia Alhamdulillah, alafu Allahu Akbar. Sisemi kwamba ni sunna maalum ya kusuka, isije ikachukuliwa hivo, dhikri inafaa wakati wote na mikono yenye kazi ya kurudiarudia inausaidia moyo utulie. Siku za mwanzo kichwa changu kilikuwa soko, bei ya mchele, maneno ya watu, deni la fulani. Wiki ya tatu nikaanza kusikia majogoo, nikaanza kusikia upepo kwenye minazi, na nikakumbuka ile aya ya Suratul Israa kwamba hakuna kitu ila kinamtukuza Mola kwa kumsifu lakini hamfahamu kutukuza kwao. Mimi na majogoo na minazi tulikuwa kazini pamoja, sijui niseme vipi.

Pima ya sita nikagundua kosa. Kuna pahala nilipitisha juu mara mbili, na toka pale ukili wote ulikuwa umepinda, na kosa lenyewe liko nyuma pima moja na nusu. Nikampelekea shangazi nikitegemea ataniambia si kitu, akaupitisha mkononi, akasimama pale pale penye kosa bila kuangalia, akasema "fumua." Nilifumua siku tatu. Kufumua ni kugumu kuliko kusuka mana chane zishakunjika, zinataka upole, na zile siku tatu nilikuwa siwezi kusema Subhanallah, nilikuwa nasema Astaghfirullah tu, na nikawa nayakumbuka mambo yangu ya nyuma kabisa niliyoyapitia juu juu bila kuyarekebisha. Nikampigia simu mtu mmoja tuliekuwa hatusemezani, nikamuomba radhi. Kwahiyo ukikosea wewe, usilifiche kosa kwa kushona, fumua.

Kushona

Kata vipande vyako 24, funga ncha kila kimoja zisifumuke. Tia uzi kwenye sindano kubwa ya kushonea mikeka, na uzi mzuri ni kamba nyembamba ya miyaa (makuti ya mkoma) au ya ukindu wenyewe iliyosokotwa pajani. Uzi wa nailoni usiutumie tafadhali, tumetoka mbali mpaka hapa. Laza vipande viwili ubavu kwa ubavu, pitisha sindano ndani ya ile mikunjo ya ukingoni, mkunjo wa huku mkunjo wa kule, vuta mpaka vibanane lakini visipandane. Ukivuta mno mswala unakunjamana kama uso wenye hasira. Kila ukimaliza vipande vitatu tandika chini uangalie kama umenyooka.

Ukimaliza, kunja ncha za juu na chini kwa ndani, zungusha ule ukili wa ukingo pande zote, shona mara mbili kwenye pembe mana ndipo panapoanza kuchakaa. Alafu geuza, kata zile ncha za chane zote zilizobaki nje. Wapo wanaopenda mswala wa duara yai kama ya zamani, ule unapendeza zaidi ila pembe zake zinataka mkono wa mjuzi, wa kwanza fanya wa pembe nne.

Kuutunza

Usiufue kwa kuuzamisha. Kung'uta, anika juani nusu saa mara moja kwa wiki, ukichafuka futa kwa kitambaa kibichi. Ukiwa mkavu sana na unakwaruza, nyunyizia maji kidogo utalainika. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alialikwa chakula na bibi yake Anas, Mulayka, alafu akataka kuwasalisha, Anas akauendea mkeka wao uliokuwa umeshakuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi, akaunyunyizia maji, wakasali juu yake. Niliposoma hivyo nikaenda kuutoa mswala wa bibi nikaunyunyizia maji, ukatoa harufu ileile ya nyumba yake.

Siku utakapochakaa hautii pahala pengine tabu, unaukata vipande unaulaza kwenye shina la mgomba au la mche wako, unaoza unakuwa udongo. Mkindu niliopanda mimi mwaka ule saa hizi umenifika kiunoni na umetoa chipukizi moja ubavuni. Bado mfupi, siukati. Zile ncha za chane nilizozikata nyuma ya mswala nilizipeleka kule nikazitandaza chini yake, na kila nikisuka mpya nazipeleka palepale.

Anaetaka kuanza na hana wa kumuonesha mkono kwa mkono, atafute mama mtu mzima mtaani kwake, wapo wengi wanaojua na hakuna anaewauliza. Mpelekee sukari kilo moja na majani ya chai, kaa nae ukumbini, mwache akutukane vidole vyako vizito. Rajab haiko mbali, na ukindu unataka siku tano za jua.